Mpishi wa bweni aendaye kwenye bembea kubwa peke yake

Jumatano, tarehe 14 Mei 2025, saa kumi na moja na robo alfajiri. Mvua ya rasharasha imenyesha Kibiti tangu usiku na haioneshi dalili ya kukoma. Katika jiko la shule moja ya sekondari ya bweni ya wasichana, nje kidogo ya mji, mwanamke mmoja anachochea moto chini ya masufuria mawili kwa wakati mmoja.

Kwa kawaida kila sufuria hapa lina mtu wake. Leo sivyo. Semeni Mkumba, mwenye umri wa miaka 46, anapika peke yake uji wa wanafunzi 168, na uji ukishanywewa yatafuata maharage na ugali. Mpishi mwenzake, Hadija Mketo, yuko Dar es Salaam. Hajaugua wala hajafiwa. Amekwenda kupanda bembea.

"Andika hivyo hivyo," anasema Semeni bila kugeuza uso kutoka kwenye moshi. "Usiandike amepata udhuru. Andika amekwenda kupanda bembea, na ana miaka 53."

Ruhusa ya safari hiyo ina sharti moja. Mwalimu Bahati Kigumi, anayesimamia malezi na chakula shuleni hapo, amelitamka mbele ya wapishi wote wawili: kengele ya saa saba mchana ikilia na sahani zikiwa tupu, utaratibu wa wapishi kupeana siku umekufa, na hautafufuliwa.

Utaratibu huo ni wa Semeni na Hadija wenyewe. Mmoja akihitaji siku, mwingine hushika majiko yote, na siku hiyo hubaki kuwa deni. Haibadilishwi kwa fedha. Hulipwa kwa siku.

Tatizo ni kwamba kwa miaka minne aliyekopa ni Semeni tu. Tangu mwaka 2021 amekwenda mara moja kila mwaka kwenye bustani kubwa ya michezo iliyoko upande wa kaskazini wa Dar es Salaam, kila mara peke yake, kila mara katikati ya muhula. Hadija hakuwahi kudai hata siku moja.

Mzizi wa jambo hili ni ziara ya wanafunzi ya mwaka 2018. Shule ilikodi mabasi mawili, na Semeni akapelekwa pamoja na masufuria ya pilau. Kuanzia asubuhi hadi alasiri alikaa kivulini akilinda chakula na mabegi ya wasichana, akilitazama bembea la gurudumu kubwa likizunguka juu ya miti.

"Nilimjua kila aliyepanda," anakumbuka. "Huyu atalia, yule atatapika, yule atajifanya jasiri. Nikajiuliza, je, Semeni akifika kule juu atafanya nini? Miaka yote hiyo nimepikia watu, nimelea wanne, na sijui mimi mwenyewe nikipandishwa juu nitalia au nitacheka."

Semeni alizaliwa delta, mto unapomwagikia baharini, upande wa Salale, mahali ambapo safari zote ni za mtumbwi na kila safari ina sababu: mazishi, harusi, zahanati, mpunga. Aliolewa bara, Dimani, na mumewe, Muhidini, analima korosho huko hadi leo. Katika malezi hayo mtu mzima hafuati mchezo. Sikukuu ya Idd, mabembea yakija mjini, mwanamke huonekana pale kwa sababu ameshika mkono wa mtoto. Mtoto ndiye kibali chake.

Kwa hiyo mara ya kwanza alipokwenda kwa hiari yake, Idd ya mwaka 2019, alifanya kosa ambalo kwao halionekani kuwa kosa. Aliazima mtoto.

"Nilimchukua binti wa Hanifa, mke wa kaka yangu," anasema, na hapo tabasamu linamponyoka. "Nilitaka nipite getini na heshima yangu. Basi, siku nzima nimesimama kwenye bwawa la watoto wadogo, maji yananifika kwenye vifundo vya miguu, nimebeba viatu vyake. Alasiri akalala begani. Gurudumu nililiona kwa mbali, kama mwaka ule wa masufuria."

Mwaka 2021 alikwenda bila mtoto. Mlinzi wa getini alimtazama juu hadi chini, kisha akamuuliza, "Mama, watoto wako wapi?"

"Shuleni," alijibu Semeni. "Wanasoma."

Akalipa kiingilio, akapita.

Gharama ya safari hiyo hutoka kwenye mkeka. Mshahara wa mpishi ni wa nyumbani na haugusi. Jioni husuka ukindu, na mkeka mmoja mkubwa wa rangi, akiuuza kwa shilingi 70,000, humtosha nauli, kiingilio na chakula. Muhidini, alipoulizwa na ndugu zake kama anajua mkewe anakokwenda, aliwajibu kwamba anajua hata rangi ya mkeka uliomsafirisha.

Mwezi Aprili mwaka huu ndipo Hadija alipotaja deni lake. Ni mjane, mtu wa maneno mengi jikoni na wa aibu nyingi nje ya jiko. Walikuwa wakichagua maharage.

"Semeni, mimi nina siku zangu nne kwako," alianza.

"Unazo, dada."

"Basi tufanye hivi. Likizo ya Juni unipeleke wewe mwenyewe. Twende wote, mara moja tu, deni lote liishe."

Wengi wangeipokea biashara hiyo kwa mikono miwili. Semeni aliikataa palepale.

"Likizo foleni inatoka hadi barabarani, dada. Utasimama tangu asubuhi kwa bembea mbili. Halafu nikikupeleka, mimi nitakuwa nakutazama wewe usianguke, na wewe utakuwa unanitazama mimi nisichoke. Nitakuwa nimekulipa nini? Utakwenda Jumatano, peke yako, nami nitasimama kwenye sufuria lako."

"Hee! Wanizike mapema!"

"Nani akuzike? Kuna mikanda ya kujifunga."

Mafunzo yalichukua mwezi mzima, kila siku wakati wa kuchagua maharage, na Semeni aliyatoa kwa ukali wa mwalimu wa gwaride. Jumanne ulale Mbagala kwa dada yako, kwa sababu ukitokea Kibiti asubuhi utafika umechoka na watu wamekutangulia. Ukiingia, usisimame kwenye bembea ya kwanza. Kila mtu husimama kwenye ya kwanza. Nenda moja kwa moja hadi mwisho wa bustani, kisha rudi ukipanda kuelekea getini.

Suruali ndani ya dera. Ushungi ubanwe kwa pini, mtandio uachwe nyumbani. Viatu vya kamba. Fedha na simu ziwe kwenye mfuko ulioshonwa kwa ndani, kwa maana mkoba utakutoa kwenye kila mashine. Muulize mlinzi mahali pa kuswalia kabla hujamuuliza jambo jingine lolote, naye atakuheshimu mpaka jioni. Usile pilau kabla ya kupanda kile kinachozunguka kwa kasi.

Upweke nao una faida yake, na Semeni huieleza kwa fahari ya mtu aliyeigundua mwenyewe. Watu huja wawili wawili au watano watano, na mara nyingi kiti kimoja hubaki wazi. Kijana wa mashine hupaza sauti: "Mmoja! Kuna mmoja?"

"Hapo ndipo uitike," alimfundisha mwenzake. "Usione haya. Sema, nipo. Utawapita watu thelathini, na hakuna hata mmoja uliyemdhulumu."

Onyo alilolirudia kuliko yote lilihusu mikoba. Mwanamke mzima akionekana amesimama peke yake, familia zitamkabidhi mizigo, viatu na watoto wachanga, zikidhani kazi yake ni kungoja. "Wakikuletea, waambie, samahani, nami nimo kwenye foleni. Ukipokea begi la kwanza, siku yako imekwisha. Mimi nayajua mabegi."

Saa tano na dakika kumi asubuhi, maharage yanachemka na mvua bado inanyesha, simu ya Semeni inaita juu ya benchi. Ni Hadija. Semeni anaweka sauti ya nje kwa kidole cha kati, kwa kuwa vingine vina unga.

"Semeni, niko getini. Mlinzi ananitazama."

"Anakutazama kwa sababu wewe unamtazama. Lipa uingie."

"Nimekuja na Nassibu."

"Nassibu yupi?"

"Mjukuu wa dada. Nimemwazima tu, hadi magharibi."

Mwiko unasimama ndani ya sufuria.

"Dada Hadija. Nilikwambia nini?"

"Ulinambia. Lakini Semeni, mwanamke mzima na dera lake, peke yake pale ndani, watu watasemaje?"

"Watasema, yule mama ameketi vizuri. Na huyo mtoto, mama yake yuko wapi?"

"Huyu hapa, ametusindikiza. Sasa anataka kurudi."

"Basi arudi na mwanawe. Nawe umemdanganya mtoto, kwa hiyo mnunulie aiskrimu hapohapo getini kabla hajaondoka. Usimwache na ahadi. Kisha ingia."

Sauti ya mtoto inasikika ikiuliza kama aiskrimu ni ya fimbo au ya kikombe. Hadija anahema. "Na wewe huko? Maharage?"

"Maharage ni yangu leo. Wewe nenda mwisho wa bustani." Simu inakatwa.

Mazungumzo yamechukua dakika chache, lakini yamegharimu. Moto wa sufuria la pili umefifia, na kuni za rundo la nje zimelowa mvua. Semeni hababaiki. Anainama chini ya meza ya kukatia mboga na kuvuta mzigo wa kuni kavu za mkorosho alizozificha tangu Jumapili, alipoona mawingu.

Saa sita kasorobo maji ya ugali yanachemka katika sufuria la kwanza. Anasonga kwa mikono miwili, miguu imetanuka, mgongo umenyooka. Sufuria la kwanza likiiva analifunika, anavuta moto pembeni, anahamia la pili. Hapo ndipo wapishi wawili hupokezana mwiko. Leo hapokezani na mtu. Mwanafunzi mmoja anapita mlangoni na kumwamkia, "Shikamoo, mama. Tukusaidie?"

"Marahaba. Rudi darasani. Leo si zamu yako."

Saa sita na dakika hamsini na tano sahani ya mwisho inawekwa mezani. Saa saba kamili kiranja anaigonga rimu ya gari inayotumika kama kengele, na wasichana 168 wanaingia bwaloni kwa mistari. Mwalimu Bahati anasimama mlangoni, anaitazama saa yake, kisha anaonja.

"Ugali wa leo mgumu kidogo, Mama Semeni."

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini umewahi."

Mwalimu anamega tonge la pili. "Umewahi," anakubali. "Utaratibu wenu uendelee."

Mtu anayeishi kwa kengele hawezi kuidharau sentensi fupi kama hiyo.

Alhamisi, saa kumi na moja na nusu alfajiri, mvua imekatika na Hadija yuko jikoni. Alirejea kwa basi la usiku. Sauti imemkauka, na bado amebana ushungi kwa zile pini.

"Haya, sema," Semeni anamwambia, akimpa mwiko.

"Kijana akaita, kuna mmoja? Nikainama, najifanya nafunga kamba za viatu. Akaita tena. Nikasema, nipo! Hata wale wa nyuma wakageuka. Nikawekwa na kijana mwingine na mchumba wake, wamenuniana hao! Nikakaa katikati yao. Tulipofika juu, lile gurudumu likasimama."

"Husimama, kupakia wa chini."

"Hukunambia! Nilipiga yowe, nikamshika yule msichana, naye akanishika, mchumba wake akatushika sote. Nilimtukana fundi aliyelitengeneza, yeye na nyundo yake. Tuliposhuka, wale wawili wameshikana mikono."

Wanacheka mpaka uji unataka kumwagika. Kisha Hadija anakoroga uji, na sauti yake inashuka.

"Nilipanda tena. Mara ya pili sikupiga yowe. Nilitazama tu."

Semeni hamwulizi alitazama nini, wala kama alilia au alicheka. Baadaye, nje ya jiko, anamweleza mwandishi sababu: "Hilo ni lake. Mimi langu nililipata mwaka 2021, na sijamwambia mtu."

Mkeka mwingine tayari uko mlangoni kwake, umefika nusu, wa zambarau na kijani. Safari hii haukusudiwi kwa bustani ileile. Amesikia kwamba ziko bustani za michezo nchi za mbali ambazo mtu hazimalizi kwa siku moja, na amepanga kuiona mojawapo kabla hajatimiza miaka 55, peke yake, kwa mikeka. Muhidini ameshamletea fomu ya kuombea pasipoti. Lakini kabla ya hapo kuna hesabu ya nyumbani.

Hadija ndiye anayeigusa, wakati wa kuosha vyombo.

"Mdogo wangu, umenilipa. Zile siku tatu zilizobaki nimekusamehe. Kwa moyo mweupe."

"Sisamehewi, dada."

"Deni ni langu, nasamehe nikitaka!"

"Na siku nilizikula mimi. Uliposimama kwenye sufuria langu mara nne hukusonga ugali wa msamaha. Taja tarehe."

Hadija anamtazama, anamtazama mwandishi kana kwamba anatafuta shahidi, kisha anakausha mikono kwenye kanga.

"Jumatano ya mwisho ya Julai," anasema. "Peke yangu."

"Jumatano ya mwisho ya Julai," anarudia Semeni, na kwenda kutafuta mahali pakavu pa kuweka kuni.