Bunduki ya Mwezini Iliyofuliwa Khayega

Nilipokuwa mwalimu kijana katika shule moja ya msingi nje kidogo ya mji wa Kakamega, niliapa kwamba nitawanyamazisha wazazi wa shule ile kwa dakika moja nzima. Anayewajua watu wa kwetu ataona nilikuwa na kichaa. Sisi hunyamaza kanisani tu wakati wa kusali, na hata hapo yupo mama mmoja nyuma anayemalizia habari zake. Lakini nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, uhuru ulikuwa na miaka miwili, na sote wawili tulidhani hakuna lisilowezekana.

Kichaa chenyewe kililetwa na lori la sinema la serikali. Lilisimama uwanjani jioni moja, wakatundika shuka jeupe, wakatuonyesha kwanza namna ya kuwaogesha ng'ombe ili wasiliwe na kupe. Baada ya ng'ombe ikaja picha ya watu walioshuka kutoka mwezini ndani ya chombo kilichofanana na sufuria mbili zilizofunikana. Mkubwa wao alishika bunduki. Haikuwa bunduki ya risasi. Ilikuwa na tumbo la mviringo, mdomo mwembamba kama wa birika, pete tatu shingoni na mapezi matatu mgongoni. Alipoinyoosha ilitoa mlio mwembamba, na uwanja mzima ukanyamaza, pamoja na watoto wachanga. Nilifika nyumbani nikaichora nyuma ya daftari kabla sijavua viatu.

Siku ya Wazazi ilikuwa karibu, na kila mwaka walimu waliigiza mchezo. Mwalimu mkuu alikwisha kuamua kwamba mwaka ule mchezo uwe juu ya faida za mbegu bora za mahindi. Alikuwa mtu mwema, mpole, na hotuba zake ziliweza kumlaza punda amesimama. Nilimng'ang'ania majuma mawili kwamba taifa changa linahitaji kutazama juu, si mashambani tu, mpaka akachoka.

"Sawa, mwalimu," aliniambia. "Watu wako wa mwezini waje. Wazazi wakiogopa, vizuri. Wakiharibu mchezo, mwaka ujao ni mahindi. Na mwaka unaofuata mahindi. Mpaka ustaafu."

Nilikwenda nikaunda bunduki yangu. Tumbo lilikuwa kibuyu, shingo ilikuwa kipande cha mchi uliovunjika, na vyote nikavipaka rangi ya fedha, ile ya kupaka matangi ya maji. Nilimpelekea mwalimu wa hesabu, ambaye kwa urefu wake nilimchagua awe Mkubwa wa Mwezini. Aliigeuza huku na huku.

"Mwalimu, hii ni kibuyu."

"Ni bunduki."

"Ni kibuyu imepakwa rangi. Mimi siwezi simama mbele ya mama yangu na kibuyu, nimwambie anakufa."

Nilimkasirikia siku nzima, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Kilichokosekana ni chuma, na mtu wa chuma nilikuwa naye. Jumamosi nikachukua baiskeli ya kaka yangu nikaenda Khayega kwa mjomba.

Mjomba huyo, ndugu ya mama, alikuwa mhunzi. Nilimwita khotsa kama tunavyowaita wajomba kwetu, naye aliniita mwiwa, yaani mtoto wa dada. Mjomba hamnyimi kitu mwiwa wake. Mwiwa anaweza kuingia bomani, akamkamata kuku na kuondoka naye, na mjomba akamshukuru kwa kumtembelea. Mimi nilikuwa nimekwisha kula kuku wake wengi bila aibu yoyote.

Khotsa alifua majembe, lakini sifa yake ilikuwa njuga, zile kengele ndogo za miguuni za wachezaji wa isukuti, ngoma ya kwetu. Alizijua zote kwa sauti. Akipita mtu barabarani amezivaa, khotsa angesema, bila kuinua kichwa, alizifua mwaka gani na mvua ilikuwaje. Kibandani mwake palikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, hakuna kuruka mvukuto. Ya pili, njuga hailii njiani. Kila iliyotoka pale ilijazwa nyasi kavu isitikisike, na nyasi zilitolewa uwanjani tu, ngoma inapoanza. "Njuga ikirianga njiani," alikuwa akisema, "ikifika kwa ngoma imechoka."

Nilimpa kibuyu na mchoro. Alivitazama muda mrefu.

"Huyu mtu ya mwezi," akauliza, "nani alimfulia?"

"Hatukuonyeshwa, khotsa."

"Walionyesha mkubwa, harafu hawakuonyesha fundi." Akatikisa kichwa, akawasikitikia watu wa mwezini.

Nilikwenda kwake Jumamosi nne, naye akanikalisha kwenye kigoda karibu na moto. Alichukua jembe lililolika likabaki kama kijiko, akaligonga juu ya fuawe mpaka likawa jembamba kama ganda la yai, akalikata mapezi. Tukagombana. Mimi nilitaka matatu kama ya sinema, yeye akasema hajaona samaki mwenye hesabu hiyo. Nikamwambia si samaki. Akasema basi mapezi ni ya nini? Lakini mwiwa hanyimwi, kwa hiyo yakawa matatu. Pete za shingoni alizisuka kwa waya wa shaba, akazipiga zikalala, akazisugua kwa majivu na limau mpaka nikaona pua yangu ndani yake. Kifyatulio kilikuwa breki ya baiskeli. Mdomoni aliweka kichwa cha jiko la mafuta ya taa ambalo mkewe alikuwa bado analitafuta.

Sijui kueleza furaha niliyokuwa nayo. Kila Jumamosi kile kibuyu kilizidi kusahau kwamba kiliwahi kuwa kibuyu. Nilipanda baiskeli kurudi mjini nikiwaona wazazi wote mbele yangu, midomo wazi, kimya.

Jumamosi ya nne khotsa aliketi akaiweka bunduki mapajani.

"Mwiwa. Hii kitu inarianga aje?"

Nikamweleza ule mlio mwembamba wa sinema.

"Na huo mrio utatoka wapi?"

"Nitajificha nyuma ya pazia, nipige mluzi."

Alinitazama kama niliyemtukana mama yake, ambaye ni bibi yangu. "Chuma ya kwangu," akasema polepole, "ipigiwe mruzi na mdomo ya mtu?" Halafu akageukia moto wake, na mimi, kwa upumbavu wangu, nikadhani yamekwisha. Aliniambia niiache, ataileta mwenyewe siku ya mchezo.

Siku ya Wazazi ilikuwa na jua zuri. Kikundi cha isukuti kiliwapokea wageni tangu barabarani, kikamaliza, kikaketi kwenye baraza ya darasa la nne kunywa chai, ngoma zikiwa katikati ya magoti. Mchezo ukaanza. Chombo cha mwezini, mabati mawili na shuka, kilitua bila kuanguka. Mwalimu wa hesabu alitoka ndani yake amevaa gunia la fedha, na mtoto mmoja akalia kwa hofu. Moyo wangu ulifurahi vibaya sana.

Khotsa alifika wakati huo huo, baiskeli mkononi na mzigo umefungwa kwa majani ya ndizi. Aliufungua nyuma ya pazia. Nikaona bunduki inang'aa kuliko nilivyoiacha. Nikaona pia kwamba tumboni mwake sasa mna kilango kidogo cha bati chenye bawaba. Khotsa alikifungua, akaingiza vidole viwili, akaanza kutoa nyasi kavu.

Hapo ndipo mtoto wa Khayega yeyote mwenye akili angeuliza. Mimi nimekulia kwenye sheria ile. Nimeziona nyasi zile tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Lakini kichwa changu kilikuwa mwezini, nikadhani amezitia ili pete zisikwaruzwe njiani. Nikaipokea kwa mikono miwili bila kuitikisa, kwa heshima, nikampitishia mwalimu wa hesabu kwenye ufa wa pazia, nikakunja midomo tayari kwa mluzi.

Mkubwa wa Mwezini akanyoosha mkono. "Watu wa dunia," akanguruma, "saa yenu imefika!"

Akaitikisa.

Njuga saba ndani ya kibuyu kikavu si jambo dogo. Kibuyu kilizikuza sauti, zikatoka zote kwa pamoja, safi, kama miguu ya mchezaji aliyekuwa akisubiriwa tangu asubuhi. Nilikiona kikombe cha chai kikiwekwa chini pale darasa la nne. Ngoma ndogo ikajibu. Mkubwa wa Mwezini alishtuka, akatikisa tena, na ngoma kubwa ikaingia. Wanadamu wa dunia, walimu watano niliowafundisha kwa mwezi mzima kufa mmoja mmoja, walikwisha kulala chini. Wakaanza kufufuka kuanzia mabegani. Mama wa mwalimu wa hesabu akapiga kigelegele, akavuka mstari wa chokaa, akamshika mwanawe gunia, na sekunde hiyo nikayaona mabega ya Mkubwa wa Mwezini yakinisaliti. Wazazi wote wakasimama. Vumbi likapanda. Mwalimu mkuu peke yake alibaki kitini, kofia gotini, akinitafuta kwa macho.

Nilikwenda nyuma ya stoo nikalia. Sikulia kwa huzuni, nililia kwa hasira. Khotsa akanifuata, jasho likimtoka, maana na yeye alikuwa amecheza.

"Mwiwa, umeona? Hakuna mtu alikaa!"

"Nilitaka wanyamaze!" nikamfokea. "Umeniharibia! Ni nani alikuambia utie njuga? Ni nani?"

Mpwa hamfokei mjomba wake. Kwetu neno kama hilo halisemwi hata na mlevi. Khotsa alinipa mgongo. Alikwenda kuichukua bunduki uwanjani, akaketi kwenye jiwe, akang'oa nyasi za pale pale akazijaza kwenye njuga moja baada ya nyingine mpaka bunduki ikawa bubu. Akaniwekea miguuni.

"Sikutaka watu wakuone unapiga mruzi," akasema. "Watasema msichana anapiga mruzi kama hana mjomba."

Akapanda baiskeli akaenda.

Maji yakimwagika hayazoleki. Miezi ikapita na sikwenda Khayega. Kwanza nilijiambia nina hasira, halafu hasira ikaisha, nikagundua kilichobaki ni aibu, ambayo ni nzito zaidi kuipandisha kilima kwa baiskeli. Bunduki niliitundika ukutani kwangu, na sikuthubutu kutoa nyasi.

Muhula wa kwanza wa mwaka mpya mwalimu mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Mwalimu, mahindi."

"Ndiyo, mwalimu. Najua."

Aligeuza kofia yake mara tatu. "Katika mchezo kutakuwa na jembe. Wazazi wamekuwa wakiniuliza kama nalo litalia." Akakohoa. "Yule mjomba wako anaweza kulitazama?"

Jumamosi nilibeba kuku, kwa sababu mkono mtupu haulambwi, na kwa sababu mwiwa anayempelekea mjomba kuku badala ya kumchukulia ana jambo kubwa. Kila mtu njiani aliliona hilo na hakuna aliyenisaidia kusukuma baiskeli. Khotsa alikuwa kibandani. Sikuruka mvukuto. Nilimpigia magoti nikamkabidhi kuku, na yale maneno mazuri niliyoyapanga tangu Kakamega yakapotea yote.

"Khotsa, nilikosa," nikasema.

Alimpima kuku kwa mkono, akamfunga mguu, akamweka kando. Halafu akanisogezea kigoda.

"Watu ya mwezi wamerudi?"

"Hapana, khotsa. Mwaka huu ni mahindi."

Alifikiri. Moto ulikuwa umefifia, akauvuvia mara mbili, tatu, bila kuharakisha.

"Na mahindi," akauliza, "yenyewe inarianga aje?"

Nikaketi, nikavuta kigoda karibu na moto, na safari hii sikutaja mluzi.