Nafasi Nyuma ya Jiko

Mume wangu alifia Mwanjelwa, Jumapili ya kwanza ya Julai, nami nikamrejesha Mlandege alale katika kiwanja tulichokijenga pamoja. Kaburi lake liko nyuma ya jiko. Kando yake niliacha nafasi ya mtu mmoja, na sijawahi kupanda hapo hata mchicha.

Jumatatu ya pili ya Februari mwaka huu niliona rasimu ya sheria ndogo imebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kata. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na wajukuu; tangu hapo sipiti penye maandishi bila kuyasoma hadi mwisho. Kifungu kimoja kilikataza kuzika katika viwanja vya makazi. Chini yake wakazi waliitwa kutoa maoni, kwa barua au katika mkutano wa mtaa.

Mkutano ulifanyika Jumamosi. Ofisa wa Halmashauri alisoma vifungu vya taka, vya mifugo, vya kelele, na kila kimoja kilizua ubishi. Alipofika cha makaburi, watu walinyamaza. Wengi wao wamezika uani, lakini kwetu mtu mzima hasemi atakapolazwa; anayesema amejiitia kifo.

"Hakuna pingamizi?"

Nilisimama. Nikasema kwamba waliokwisha kuzika wenzi wao nyumbani waruhusiwe kulala kando yao.

"Shemeji, una haraka gani?" akadakia jirani yangu, rafiki wa marehemu, naye amefiwa na mke. "Huko hawafungi mlango!"

Watu walicheka. Mwanamke aliyeketi karibu nami alisogeza kiti chake kando.

"Nani anamuunga mkono mama?" ofisa akauliza. Hakuna aliyeinua mkono. "Basi, maoni ya mtu mmoja."

Barua pia niliipeleka, Jumatatu, ikapigwa muhuri. Tangu hapo majirani walinisalimia kwa sauti ya chini, kama wapitao penye mgonjwa. Nikikohoa, mtu huchungulia uani.

Baraza la Madiwani liliketi Aprili. Kikao kile ni cha wazi. Nilikaa viti vya nyuma, nikasikia kifungu kikipita kama kilivyoandikwa. Diwani wetu aliniambia kuwa kilichobaki ni idhini ya waziri na tangazo katika Gazeti la Serikali; hapo ndipo sheria itakapoanza kutumika, na nakala itabandikwa ubaoni.

Alhamisi iliyofuata jirani yule alipiga hodi. Alikuwa ametoka kupalilia kaburi la mkewe, uani kwake. Udongo ulikuwa bado viganjani.

"Kamwene, shemeji. Ile barua yako... na mimi niandikie."

"Muda wa maoni ulikwisha Machi, shemeji."

"Sasa itakuwaje?"

"Atakayetangulia tangazo atalala nyumbani. Atakayechelewa atapelekwa makaburi ya Halmashauri, mbali na mwenzake."

Safari hii hakucheka. Aliitazama nafasi yangu nyuma ya jiko, akaondoka bila kuaga.

Sasa kila Jumatatu nakwenda ofisi ya kata kusoma ubao. Tangazo bado. Juzi nilimkuta jirani yule amefika kabla yangu, amejikunyata ndani ya koti, anakohoa kikohozi kizito kisichokatika. Nilisimama kando yake nikamsikiliza, nami nikajikuta namwonea wivu.