Nafasi ya Renita

Kwa miaka mitatu Bi Verdell Gaskins aliweka kiti barabarani mbele ya nyumba yake, na kwa miaka mitatu hakuna aliyethubutu kuegesha gari pale. Kilikuwa kiti cha jikoni, cha chuma, mto wake wa manjano umepasuka ukazibwa kwa utepe wa gundi. Huku kwetu Philadelphia ya kaskazini, mtu akishazoa theluji kwa koleo lake anaweka kiti, na mahali pale ni pake mpaka theluji iyeyuke. Sheria hiyo haijaandikwa popote, na inaheshimiwa kuliko nyingi zilizoandikwa. Ila Verdell kiti chake alikiacha mpaka Julai. Watu walimuuliza hiyo theluji anayoisubiri inatoka nchi gani. Yeye alicheka nao, na kiti kikabaki palepale.

Hakuwa na gari. Hata kuendesha hakujua. Nafasi ile ilikuwa ya binti yake Renita, siku atakayokuja.

Renita aliondoka Mtaa wa Bellmore asubuhi moja ya Mei, mtoto wake Amaya begani, baada ya risasi kupita dirisha la ghorofani na kujikita ukutani, shubiri moja juu ya kitanda alicholala mtoto. Haikuwa imelengwa kwao. Vijana wawili wa mtaa wa nyuma walikuwa wakigombania jambo ambalo leo hakuna anayelikumbuka sawasawa. Renita akahamia Delaware, mwendo wa saa moja kwa gari, na akaapa kwamba mwanawe hatakanyaga tena Bellmore. Amaya alikuwa na miaka minne. Sasa ana saba, na meno yake ya mbele yameng'oka na kuota mengine, na bibi yake ameyafuatilia zaidi kwenye simu.

Verdell angeweza kuwafuata huko. Renita alishamwomba mpaka akachoka. Lakini mama huyu alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini na mmoja ili nyumba ile iwe yake, mumewe alifia mle ndani, na isitoshe yeye ndiye mjumbe wa mtaa. Ndiye anayegonga milango Jumamosi watu watoke na mafagio. Ndiye aliyewasumbua watu wa manispaa mpaka taa za barabarani zikawaka, na ndiye aliyetuongoza kufyeka kile kiwanja cha pembeni, kichaka walimokuwa wakificha bunduki, tukapanda nyasi. Tulimsifu kwa moyo wake wa kujitolea. Ukweli ni kwamba alifanya yote hayo kwa ajili ya mtoto mmoja. Alijiambia kuwa mtaa ukitulia watarudi, na kila alipompigia Renita simu alimwambia kumetulia, hata wiki ambazo hakukutulia hata kidogo. Alitamani kumbeba yule mtoto mpaka mikono ikamuuma.

Mwezi Juni akahamia mtu mpya nyumba ya ng'ambo, jina lake Lonzo, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwenye gari jeusi analolipenda mno. Alitokea kusini mwa jiji, ambako nako viti wanaviweka, kwa hiyo hawezi kudai hakujua. Lakini nani anaweka kiti Juni?

Alhamisi moja jua lilikuwa bado liko juu Verdell aliporudi dukani na mfuko wa samaki. Alikuta gari jeusi kwenye nafasi ya Renita, na kiti kimetupwa kando ya njia, miguu juu, mmoja umepinda. Hapo ndipo alipokosea, na kosa hilo mwenyewe analisema hadi leo. Badala ya kuingia ndani akalilie chumbani, aliketi kwenye ngazi za mlango wake akalia mbele ya watu.

Nafis alimwona. Nafis ana miaka ishirini na mitatu, amezaliwa Bellmore, na anashinda pale kona na wenzake. Walipomzika kaka yake, aliyepigwa risasi mchana kweupe, mwezi mzima Nafis alikula jikoni kwa Verdell bila kusema neno, na Verdell alimpakulia bila kumuuliza. Sasa akaja akachuchumaa mbele yake, akamuuliza ni nani. Verdell alijua kabisa kwamba jibu la busara ni kusema hakuna kitu. Badala yake akaonyesha nyumba ya ng'ambo kwa kidevu.

Nafis akavuka barabara. Lonzo alikuwa mlangoni kwake.

"Oya, hilo gari lako?"

"Kwani limeandikwa jina lako?"

"Litoe. Hapo pana mwenyewe."

"Mwenyewe yupi, kiti? Mwambie aje na leseni."

Watu kwenye ngazi wakacheka, na kicheko kile kiliharibu kila kitu, maana sasa Nafis alikuwa amechekwa mbele ya mtaa mzima. Mkono wake ukaingia chini ya fulana, kiunoni. Lonzo naye akaacha kucheka, akashuka, akavuka mpaka kwenye gari, akafungua mlango polepole na kuinamia ndani. Kina mama wakanyanyua watoto wao bila kuambiwa na mtu. Milango ikafungwa mmoja baada ya mwingine.

Verdell alikuwa amefua damu ya watu wa jiji hili nusu ya maisha yake. Alijua nusu ya mashuka yale yalitokana na ugomvi wa mambo madogo kuliko hili. Akainuka na magoti yake mabovu, mfuko mkononi, akaingia katikati yao na kuweka kiganja juu ya paa la gari.

"Nafis, mwanangu, mimi ndiye nimemwambia apaki hapa."

"Bi Verdell, si umetoka kulia sasa hivi?"

"Nimelia mambo yangu. Mtu mzima halii? Huyu aliniomba nafasi jana, nikamwambia chukua." Akamgeukia Lonzo. "Si ndivyo, baba?"

Lonzo alimtazama kwa muda mrefu. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya gari.

"Ndivyo, mama," akasema mwishowe. "Ila kiti nilikisogeza vibaya. Nisamehe."

"Umesikia, Nafis? Haya, nibebee huu mfuko, samaki wataharibika."

Mfuko ule ulikuwa wa karatasi, umelowa kitako, na haubebeki kwa mkono mmoja. Nafis akautazama, akamtazama yeye, kisha akautoa mkono kiunoni na kuupokea kwa mikono miwili.

Jikoni Verdell alianza kuparua samaki.

"Ungemuua mtu kwa ajili ya kiti, Nafis. Kiti cha jikoni."

"Siyo kiti," Nafis akasema, akitazama sakafu. "Mtaa wote tunajua unamsubiri nani. Unadhani sisi hatumsubiri?"

Verdell akageukia jiko. Alimkaangia samaki, akala, na alipoondoka Verdell alikitoa kiti barabarani na kukirudisha jikoni. Alishasema uongo mbele ya mtaa mzima, na njia pekee ya kuufanya uwe kweli ilikuwa kuitoa ile nafasi kabisa. Siwezi kusema haikumuuma. Ilimuuma mno.

Jumamosi, watu wakiwa na mafagio mikononi, alitamka kwamba mwenye ugomvi wa nafasi, wa muziki au wa chochote, aulete kwanza kwenye ngazi zake kabla haujafika kiunoni kwa mtu. Wastaafu wawili walijitolea kukaa nje kila siku kuanzia saa kumi jioni, muda ambao kona huanza kuchemka. Lonzo alikuja na fagio jipya, akachekwa kwa upya wake, na safari hii alicheka naye. Kuna wanaume wawili waliowahi kufungwa ambao sasa kazi yao ni kukaa na vijana kabla mambo hayajaharibika. Verdell aliwaita, na Nafis akakubali kuongea nao. Kile kilichokuwa kiunoni kimeishia wapi, mimi sijui.

Kisha Verdell akampigia Renita, akamweleza yote: kiti, kulia kwake, kidevu chake, mikono ya Nafis na Lonzo.

"Kwa hiyo nafasi yangu haipo tena," Renita akasema.

"Haipo, mwanangu."

Simu ikakatika. Wiki mbili zikapita bila neno, na Verdell akaamini kwamba amewapoteza kwa mdomo wake mwenyewe. Alikuwa akipika chakula cha mtu mmoja na kukiacha kwenye sufuria.

Jumapili ya tatu, baada ya ibada, simu ikalia.

"Mama, tumezunguka mara tatu. Hakuna pa kuegesha."

Verdell alidhani anamtania.

"Mko wapi?"

"Huku nyuma, kwenye kona karibu na kanisa. Amaya ananiuliza kama tunashuka, nami sijui nimjibu nini. Ningekuwa na nafasi pale mlangoni ningemwingiza ndani mara moja. Sasa ni kutembea huo mtaa wote."

"Ndiyo, ni kutembea. Renita, umekuja kwa nini?"

"Kwa sababu safari hii hukunidanganya."

"Kaa hapohapo. Nawafuata."

Alitoka na kandambili, aproni kiunoni. Bellmore hakuna mtu mzima anayekimbia, maana ukikimbia watu wanalala chini kabla ya kuuliza. Kwa hiyo Verdell alitembea, ingawa kila kitu ndani yake kilitaka mbio. Pale kona Nafis aliuona uso wake, akamuuliza kuna nini. Akamjibu kwa neno moja tu, mjukuu, na vijana wakabanduka ukutani na kuacha njia nyeupe.

Alipokunja kona aliliona gari mbali, linanguruma bado, na Renita ameshika usukani kwa mikono miwili. Mlango wa nyuma ukafunguka. Amaya hakujua lolote kuhusu sheria za Bellmore. Alikuja mbio katikati ya njia, viatu vikipiga lami, na kwenye ngazi huku na huku watu walishtuka na kuinama, mzee mmoja akapiga magoti nyuma ya pipa la taka. Kisha wakaona ni mtoto tu, anakimbilia kwa bibi yake, wakaanza kuinuka na kujipangusa suruali.

Verdell naye akakimbia.