Gemu Isiyokubali Mtu Afe

Magemu ya mapanga ya siku hizi yananiudhi, na nina haki ya kuudhika. Nilisafiri na moja kutoka Mbeya hadi nyumbani kwetu, karibu na Tosamaganga, mashine nimeipakata njia nzima kama mtoto mchanga, ili nicheze na mdogo wangu. Tangu tumzike baba, mdogo wangu alikuwa hanisemeshi zaidi ya salamu. Yeye ndiye aliyemuuguza peke yake. Mimi nilisingizia kazi.

Niliamini gemu ingetufungua midomo. Tulipokuwa shule, kila Jumamosi tulikwenda Iringa mjini kwenye kibanda cha gemu, na sheria pale ilikuwa moja: ukifa, unapisha. Unampa mwenzako pedi ya kuchezea bila kuambiwa, hata kama aliyelipia ni wewe. Gemu zenyewe zilikuwa hazina maneno. Unapewa upanga, mlango unafunguka, maadui wanakuja, unafyeka. Mdogo wangu alikuwa hanyamazi. Alinielekeza, akanicheka, akaniambia nacheza kama bibi anayefukuza kuku.

Basi Jumapili, tulipotoka kanisani, tukakaa sebuleni. Kwanza gemu ikadai kupakua vitu mtandaoni kabla haijafunguka, ikala bando langu lote. Kisha ikaja hadithi. Mzee mwenye ndevu anaongea Kiingereza, mvua inanyesha, farasi wanapita, mzee anaongea tena, na hakuna kitufe cha kumruka. Picha ni nzuri, sikatai, hata matone kwenye kofia yake unayaona. Lakini mimi nilinunua upanga, sikununua sinema. Upanga ulipokuja, ukaja na pete za kuchagua, dawa za kuchanganya na ramani kubwa kuliko wilaya.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba haina wachezaji wawili. Ukitaka kucheza na ndugu yako, naye awe na mashine yake, na mtandao wake. Sijui nani aliwaambia hawa watengenezaji kwamba watu hawakai tena kwenye kochi moja.

Nikajipa moyo kwamba tutapishana. Shida ikawa kufa. Kila nilipopigwa nikabaki na pumzi kidogo, afya ilijijaza yenyewe. Mdogo wangu amekaa, mikono katikati ya magoti, anasubiri. Nikajirusha korongoni kusudi. Gemu ikanirudisha ukingoni nikiwa mzima. Nikajirusha tena, ikanirudisha tena. Nilitamani kuipiga ile tivii teke.

Mwishowe nikamnyooshea pedi. "Shika bwana, zamu yako."

"Hujafa, kaka."

"Hii haiui mtu. Shika tu."

"We cheza. Mimi kusubiri nimezoea."

Alisema kwa upole, macho yakiwa kwenye tivii. Niliweka pedi chini. Mzee mwenye ndevu alikuwa ameanza tena kuongea, na hakuna aliyemsikiliza.

"Baba alikuwa anakuulizia kila asubuhi," mdogo wangu akasema. "Namwambia yuko njiani."

Sikuwa njiani. Nilikuwa Mbeya, mzima kabisa, na kazini wangeniruhusu kama ningeomba.