Tundu la Paa

Fup! Ndivyo mwali ulivyoshika chini ya friji ya gesi ya trela, na Verlan Tschetter aliendelea kuusikia mlio huo kwa miaka arobaini na tisa, tangu asubuhi ile ya fungate kando ya ziwa, mkewe Ardis akiwa amepiga magoti na kiberiti mkononi, akicheka.

Trela hilo, kijumba cha kukokotwa na gari, lilikuwa la baba yake Ardis. Mzee alipofariki, likaachwa ghalani, kuku wakatagia ndani. Verlan alikuwa fundi bati huko Dakota Kusini, mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Alipostaafu alilitoa, akalisugua majira matatu ya baridi. Juu ya paa palikuwa na tundu lenye kofia ya bati iliyooza, likivujisha mvua. Aling'oa kofia, akapigilia kipande cha alumini, akasugua mpaka mshono ukapotea. Kwenye mkutano wa wapenzi wa matrela ya zamani, watu walipitisha viganja pale wakasifu. Akapewa utepe wa bluu, akautundika dirishani.

Mwaka huo mapafu ya Ardis yakaanza kumwacha. Aliomba kitu kimoja tu: alione lile ziwa tena kabla ya vuli. Dawa zake za sindano zilitakiwa kukaa kwenye baridi, na kule ziwani hakuna umeme. Safari yote ikategemea friji ile ya gesi.

Friji haikupoa. Juni yote, Julai yote. Verlan alibadilisha mpira wa gesi, akasafisha kichomeo, akaitoa friji nzima na kuilaza kichwa chini siku mbili, kama wazee wanavyofanya. Siagi ikageuka mafuta.

"Zee hilo," alimwambia Ardis kila jioni. "Linakufa."

"Hebu chunga mdomo wako," Ardis alimtania huku akitweta. "Na mimi ni zee."

Agosti akaja Orrin Haugsby, rafiki yake wa matrela, mtu wa makelele. Aligusa ukuta nyuma ya friji, akaurudisha mkono haraka.

"Moto huu! Bwana, joto linatokea wapi?"

"Pale chini, kwenye matundu ya ubavuni."

"Pale ndipo hewa inapoingilia, fundi wangu wa utepe wa bluu! Nimekuuliza inatokea wapi."

Verlan akatazama dari.

"Usiniambie umeliziba lile tundu la paani," Orrin akasema, na kicheko kikamkauka. "Friji hii haina mota, ndugu yangu. Ina mwali na mgongo. Mgongo usipopumua, haipoi. Na ule moshi wa gesi, mngefunga milango mkalala, nani angewaamsha?"

Orrin alipoondoka, Verlan alipanda ngazi na mkasi wa bati. Alikata palepale pazuri kuliko pote. Vipande viling'aa vikianguka kwenye nyasi. Akaunda kofia mpya, akaifunga kwa riveti, akashuka, akawasha. Fup.

Asubuhi siagi ilikuwa ngumu kama jiwe. Aliichukua kwenye kisahani, akavuka ua kama anayekimbia.

Muuguzi aliyekesha na Ardis alikuwa amesimama barazani. Aliona kisahani, akamtazama usoni, akatikisa kichwa. "Usiku umekuwa mbaya, Bwana Tschetter. Safari haiwezekani tena. Hata ya karibu."

Ndani, Ardis alikuwa ameegemezwa mito, mrija puani, mashine ya hewa ikikoroma kando ya kitanda. Alinyoosha kidole, akaigusa siagi. Akatabasamu.

"Friji imepona! Ilikuwa inaumwa nini?"

Verlan aliketi ukingoni mwa kitanda. Majira yote ya joto alikuwa na jibu la swali hilo, na lilikuwa jibu jepesi: uzee. Angeweza kulisema tena, naye angeliamini. Siagi ilianza kulegea kwenye kisahani magotini pake.

"Haikuwa inaumwa," alisema, taratibu mno, mpaka Ardis akainamisha kichwa apate kusikia. "Ni mimi niliyeiziba pumzi."