Ubao wa Tatu wa Marimba ya Shangazi

Mwalimu wa muziki aliporudi kutoka chuoni na cheti chake, mbona alijiona! Kabila lao ni dogo, hawajazi hata uwanja wa mpira, na yeye ndiye wa kwanza kwao kusoma nota. Jambo la kwanza alilofanya, Mungu amsamehe, ni kuishikia patasi marimba ya shangazi yake.

Ubao wa tatu ulikuwa haupatani na kinanda cha shule. Akaukwangua ncha zote mbili mpaka sauti ikapanda, ikalingana na kinanda sawasawa. Shangazi mtu akaugonga mara moja tu, akaweka magongo chini.

"Huyu simjui. Siimbi naye."

Miaka miwili, kimya. Na nyimbo zote za kwao alikuwa amebaki nazo shangazi peke yake.

Ndipo ikaja barua: mkaguzi anakuja kusikiliza. Akiridhika, nyimbo zao zitafundishwa shule zote za wilaya. Mwalimu akaenda kupiga magoti jikoni kwa shangazi.

"Nirudishie ubao wangu kwanza," akajibiwa. "Magoti baadaye."

Ukikwangua katikati, sauti hushuka. Lakini ubao ulishakuwa mwembamba. Patasi ikizidi kidogo, umepasuka. Mwalimu aliukwangua darasani huku jasho likimtoka, shangazi akigonga na kutikisa kichwa. Bado. Bado. Kisha akacheka kwa sauti, na mwalimu akalia wala hakuona aibu.

Siku ya siku, watoto wakaimba walivyofundishwa na shangazi, naye akiwapigia marimba. Mkaguzi akainuka, akabonyeza kinanda.

"Mwalimu, nota ya tatu mnaiimba chini."

Zamani angeomba radhi. Safari hii alisimama wima.

"Hatuiimbi chini, mzee. Kinanda ndicho hakina nota hiyo."

Mkaguzi akajaribu kitufe cha juu, akajaribu cha chini yake. Wapi!

"Tafuta tu, baba," shangazi akamwambia. "Hatuna haraka."

Darasa zima likaangua kicheko, na mkaguzi naye akacheka, akafunika kinanda. Akaomba waimbe tena. Wimbo ulipokwisha akatoa fomu ya kupitisha somo, akamsogezea mwalimu ajaze.

Penye "jina la mwalimu", akaandika la shangazi yake. Penye "mwanafunzi wa kwanza", akaandika lake.