Ubao Uliokataa Kukauka

Vanishi ilikauka kwenye mbao zote isipokuwa ubao mmoja. Kibaraza changu cha nje, pale mtaani Kamunyonge, kilikuwa kinang'aa kwa siku mbili hata unaona wingu likipita ndani yake, lakini ubao wa nne kutoka mlangoni ulibaki unanata. Siku ya tatu niliugusa, kidole kikatoka na maji. Si vanishi, maji. Nikajifuta kwenye kanga na kuingia ndani kwa hasira, maana mimi mambo ya mizimu siyataki nyumbani kwangu.

Mbao hizo zilikuwa mtumbwi wa kaka yangu. Miaka kumi na moja iliyopita mtumbwi ule ulirudi wenyewe ufukweni kijijini kwetu, nyavu zimekunjwa vizuri, yeye hayumo. Hatukumpata. Mama akakataa msiba, akisema mtu ambaye hajaonekana haliliwi. Mtumbwi ukalazwa kifudifudi nyuma ya jiko, na ole wake ambaye angechanja hata kuni moja. Tangu siku ile sijamsikia mama akilitaja jina la mwanawe.

Aliingia ziwani kwa sababu yangu. Nilikuwa na wageni wa mahari, nikamsihi aniletee samaki mkubwa wa kuwapikia wakati upepo ulikwisha kuchafuka. Yeye alicheka tu, akachukua kasia. Sikumwambia mtu yeyote. Kila nilipomwona mama akitazama maji, nilitafuta kazi ya kufanya.

Mwaka jana magoti ya mama yalipokataa kabisa, nilimwomba ahamie kwangu mjini. Alikubali kwa sharti moja, kwamba mtumbwi uje naye. Uwanja wangu ni mawe matupu, kwa hiyo tulikubaliana fundi aupasue, atutengenezee kibaraza ambacho mama angeweza kutembea juu yake bila kujikwaa, na kisitupwe hata kipande.

Fundi alitoka Kabasa, mtu wa maneno mengi kuliko misumari. Alitaka tupake oili chafu, kama wanavyopaka nguzo za zizi kuzuia mchwa. Nikamuuliza kama yeye ndiye atakayefua vitenge vya mama. Mimi nilitaka rangi ya mafuta, ya kijivu, nzito, nisizione tena zile mbao.

"Dada, la kuvunda halina ubani," akasema fundi. "Mbao ikiwa na maji ndani, rangi itaifichaga tu, itaoza."

Mama alisema neno moja tu: "Usimfunike."

Basi tukachagua vanishi, kwa kuwa inaonyesha mbao. Ndipo nikautambua ule ubao wa nne. Ni ule aliokuwa akikalia kaka. Katikati una kibonde kilichochimbwa na makalio yake, mwaka baada ya mwaka.

Nilipomwita fundi tena alicheka. Ubao umelishwa mafuta ya samaki miaka na miaka, alieleza, na vanishi haishiki juu ya mafuta. Nilimwamini, nilitaka sana kumwamini. Aliukwangua, akausugua kwa tina ya kuondolea rangi, akapaka upya. Kesho yake asubuhi kibonde kilikuwa kimejaa maji. Mvua haikunyesha, na kama ni umande, mbona mbao nyingine zilikuwa kavu? Paka wa jirani, ambaye hulala popote palipo na jua, alisimama pembeni ya kibaraza akakitazama kibonde kile, kisha akarudi kinyumenyume.

Mama alikuwa mlangoni. Hakuwa amekanyaga kibaraza tangu kipakwe.

"Mbao zinapumuaga," akasema. "Hii mmeiziba. Anagonga, wewe husikii? Ijumaa narudi kijijini."

Nilisema hasikiki mtu. Niliogopa, lakini nilichoogopa zaidi ni mama kurudi kule peke yake, na magoti yale, kukaa akitazama ziwa mpaka afe.

Nikaenda sokoni nikanunua mafuta ya sangara, dumu zima. Mchana ule, jua likiwa utosini, nilikaa chini na msasa nikaanza kuiondoa vanishi yote. Mama akashuka akapiga magoti kando yangu, magoti yale yale mabovu, nikamkataza, akachukua kipande cha msasa. Tulipaka mafuta kwa matambara. Mbao nyingine zilikunywa kidogo. Ubao wa nne ulikunywa na kunywa, na nilisikia sauti ya koo likimeza. Nasema nilichosikia.

Mkono wangu ulipofika kwenye kibonde ukakataa kuendelea.

"Mama," nikasema, "siku ile mimi ndiye niliyemtuma."

Aliendelea kusugua.

"Ameshaniambia."

"Lini?"

"Leo asubuhi, ulipokuwa sokoni."

Mama akaushika mkono wangu akauweka katikati ya kibonde, na ubao ulikuwa wa moto kwa jua, hauna tone la maji. Hapo alianza kulia, si kwa kwikwi bali kwa sauti, kama wanavyolia watu kwetu mwili ukiletwa nyumbani, na mimi nikalia naye. Majirani walikuja mbio wakiuliza ni nani aliyefariki.

Mama akawatajia jina la mwanawe.